Simu ya Upepo na Habari za Mvua

Wazee wetu wa Maniema hawakungoja kufundishwa na mgeni namna ya kupeleka habari mbali bila waya. Walikuwa na ngoma ya mti, ile iliyochongwa katika gogo moja na kuachiwa mdomo mwembamba juu yake, yenye sauti mbili, moja nene na moja nyembamba. Jioni, upepo ukiisha kutulia, mpigaji alikaa mahali pa wazi, na habari ya kifo au ya ugeni ikavuka msitu. Kijiji kimoja kilipokea na kukipokeza kijiji cha pili. Twaomba msomaji aiweke ngoma hiyo moyoni, maana tutairudia mbele.

Habari tunayotaka kuieleza leo ni hii: jinsi watu walivyojifunza kuacha chombo peke yake porini, chenye nguvu ya umeme ndogo kuliko ya tochi, nacho kikapima joto, upepo na mvua usiku na mchana, na kupeleka hesabu yake mbali bila mtu kukigusa. Kazi hiyo haikuzaliwa jana. Na sehemu moja ya historia yake imepita karibu sana na sisi watu wa Kasongo na Kabambare.

Simu ya kwanza iliyokaribia nchi yetu ilikuwa ya waya. Mwaka 1898 Mfalme Leopold wa Pili alimtuma Mmarekani mmoja, Richard Dorsey Mohun, aongoze msafara wa kutandaza waya kutoka ziwa Tanganyika kuelekea bara. Yeyote anayeijua njia ya kutoka ziwani mpaka Kabambare ataelewa taabu yao bila sisi kutumia maneno mengi. Na waya ukiisha kutandazwa, kazi ndiyo kwanza inaanza. Mti ukianguka katika tufani, tembo akijikuna katika nguzo, mchwa wakila mti wake chini, maneno yamekatika, na mtu hana budi kutembea siku kadhaa kutafuta mahali palipokatika.

Kwa hiyo, simu ya upepo ilipoanza kufanya kazi huko Ulaya, Wabelgiji waliona mara moja kwamba Kongo, yenye misitu na mito, ndiyo nchi inayoihitaji kuliko nchi nyingine. Mwaka 1911 mtaalamu mmoja wa Bruxelles, Robert Goldschmidt, akisaidiwa na Mfalme Albert wa Kwanza, alianza kupeleka mashine na mafundi. Mmoja wa mafundi wake aliitwa Raymond Braillard. Walianzia pwani, Banana na Boma, wakapanda na mto: Coquilhatville, ambayo sasa ni Mbandaka, kisha Lisala, Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, Lowa, Kindu, Kongolo, mpaka Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi. Kufika mwaka 1913 habari iliweza kutoka mlango wa mto Kongo mpaka Katanga ikipokezwa kutoka mlingoti hata mlingoti, kama ngoma zile za kijiji na kijiji.

Tazameni ramani. Kindu iko kaskazini yetu, Kongolo iko kusini, na kati yao ni mwendo wa kilometa 300 hivi kwa njia ya ndege. Kasongo iko katikati. Basi tangu mwaka 1913 maneno yalikuwa yakipita juu ya paa za nyumba zetu bila sisi kujua lolote. Mashine zile zilisema kwa cheche: umeme mkali uliruka kutoka chuma hata chuma, na kila mruko ulitikisa anga. Zilitaka injini, mafuta, mlingoti mrefu, na fundi aliyekaa na kusikiliza. Tuongeze neno moja la pembeni. Mnara uliojengwa Laeken, karibu na jumba la mfalme, kwa ajili ya majaribio ya kusema na Kongo, ndio uliopeleka angani nyimbo na muziki tarehe 28 Machi 1914, kabla nchi nyingi hazijajua kwamba redio yaweza kuimba. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, Wajerumani walipokaribia, Wabelgiji wenyewe waliuvunja mnara huo kwa baruti.

Fundi wa simu ya upepo katika nchi za joto alikuwa na adui mmoja aliyemchosha kila alasiri ya masika, naye ni radi. Kila umeme wa mbinguni ni cheche kubwa kuliko cheche zote za mafundi, nayo inatikisa anga vilevile. Katika masikio ya msikilizaji ilileta mkwaruzo uliofunika maneno. Hivyo, kabla mtu hajafikiri kupeleka habari za mvua kwa simu ya upepo, mvua ilikuwa tayari inajipelekea habari zake yenyewe.

Nasi tunaishi mahali pa radi nyingi kupita kiasi. Mwaka 2016 wataalamu walitoa hesabu ya radi zilizohesabiwa kutoka angani na chombo cha Wamarekani kwa muda wa miaka 16. Wakapanga mahali pa dunia kwa wingi wa radi. Pa kwanza ni ziwa Maracaibo, nchi ya Venezuela, radi 233 kwa mwaka katika kila kilometa moja ya mraba. Pa pili ni Kabare, katika Kivu ya Kusini, radi 205. Na pa tatu? Kampene, katika Maniema yetu, kaskazini ya Kasongo, radi 177. Watu wa Kampene hawakuhitaji chombo cha angani kuwaambia jambo hili, lakini ni vema dunia nayo ijue.

Sasa tuje kwenye kupima. Kujua hali ya hewa ya mahali pamoja si kazi kubwa: chupa ya kukingia mvua, kipimajoto ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, na mtu mwaminifu wa kuandika kila asubuhi saa ile ile. Faida kubwa inatokea pale habari za mahali pengi zinapokutana upesi katika meza moja. Uingereza walijifunza hivyo kwa msiba. Mwezi wa Oktoba 1859 tufani ilizamisha meli Royal Charter pamoja na watu zaidi ya 400. Baadaye Robert FitzRoy, mwanamaji aliyekuwa mkuu wa ofisi ya hali ya hewa, alianza mwaka 1861 kukusanya habari za pwani kwa simu ya waya na kuonya bandari. Tufani inakwenda mbio, lakini waya unakwenda mbio zaidi.

Katika Afrika ya Mashariki Waingereza walianzisha idara ya pamoja mwaka 1929, chini ya Albert Walter aliyetoka kisiwa cha Mauritius. Katika Kongo, pamoja na kazi ya serikali, shirika la utafiti wa kilimo liitwalo INEAC, lililoanzishwa mwaka 1933 na lenye makao yake Yangambi, lilieneza vituo vya kupimia katika nchi nzima. Wapimaji walikuwa makarani wa posta, wenye mashamba, walimu, na wamisionari. Kutokana na daftari hizo mtaalamu Frans Bultot alitengeneza ramani kubwa za hali ya hewa ya bonde la Kongo, zilizotoka katika miaka ya 1971 mpaka 1977. Lakini hata zilipokuwa zikichapishwa, vituo vingi vilivyozilisha vilikuwa vimenyamaza. Baada ya fujo za mwaka 1960 na miaka iliyofuata, mpimaji hakulipwa, chupa ilivunjika, daftari halikuja, na barabara ya kulipelekea haikupitika. Sisi twaona kwamba hasara hii haikuliliwa kama ilivyostahili. Daraja likivunjika kila mtu analiona. Daftari la mvua lisipoandikwa hakuna anayeliona, na mwaka uliopita bila kuandikwa haurudi tena.

Ndiyo maana wazo la chombo kinachojipimia chenyewe lilikuwa na mvuto mkubwa. Watu wa kwanza kulifanyia kazi kwa bidii walisukumwa na vita, na kisa chao chafaa kuelezwa kwa urefu.

Katika vita kuu ya pili Wajerumani walikuwa na shida ya mawingu. Katika upande ule wa dunia hali ya hewa hutoka magharibi kwenda mashariki, nao adui zao walikuwa magharibi, na Wajerumani hawakuwa na mtu wa kuwaambia nini kinakuja. Kampuni ya Siemens ikawatengenezea kituo cha kujiendesha chenyewe. Tarehe 22 Oktoba 1943 nyambizi iitwayo U-537 iliingia katika ghuba ya Martin, pwani ya Labrador, kaskazini ya Amerika. Pamoja na mabaharia alikuwamo mtaalamu Kurt Sommermeyer. Usiku na siku iliyofuata walipandisha ufuoni mitungi kumi ya chuma, kila mmoja uzito wa kilo 100 hivi, wakasimamisha mlingoti wa meta 10, wakaunga nyaya. Ndani ya mitungi mingi mlikuwa na betri tu. Kila baada ya saa tatu mashine ilijiamsha, ikasoma joto, unyevu, mkandamizo wa hewa na upepo, ikasema kwa dakika mbili kwa nguvu ya wati 150, ikalala tena.

Mbinu yao ya kuificha ilikuwa ya kuchekesha. Mitungi waliiandika maneno ya Kiingereza yenye kumaanisha idara ya hali ya hewa ya Kanada, wakatawanya chini pakiti tupu za sigara za Kimarekani. Kituo kilisikika muda mfupi tu, kisha kikanyamaza. Mwaka 1977 mchunguzi mmoja wa ardhi alipita akaiona mitungi, akadhani ni mali ya jeshi la Kanada, akaenda zake. Mwaka 1981 ndipo Franz Selinger, mhandisi wa zamani wa Siemens aliyekuwa akiandika historia ya kampuni, alipoonyesha picha alizozipata katika karatasi za Sommermeyer, na Wakanada wakaenda kuichukua. Sasa imo katika jumba lao la makumbusho ya vita, Ottawa.

Katika kisa hiki msomaji ataona mambo mawili. Kwanza, akili yote ya kazi hii ilikuwapo tayari mwaka 1943: kulala, kuamka, kupima, kusema kwa ufupi, kulala tena. Pili, uzito. Tani nzima ya chuma na betri, ili kusema dakika mbili mara nane kwa siku! Kazi ya miaka 80 iliyofuata ilikuwa hasa kupunguza uzito huo.

Karibu na sisi, kazi hiyo iliwashika watu wa Makerere. Mwaka 2013, kwa msaada wa Norway, vyuo vinne vilifanya shauri moja lililoitwa WIMEA-ICT: Chuo Kikuu cha Makerere huko Kampala, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Juba, na Chuo Kikuu cha Bergen. Walitaka kutengeneza kituo cha kupimia hapa hapa, ambacho fundi wa hapa aweza kukifungua na kukitengeneza, maana vituo vilivyonunuliwa ng'ambo kwa fedha nyingi vilikuwa vikifa kwa sababu ya kifaa kimoja kidogo kisichopatikana. Waliazimu kuweka vituo 70 katika Uganda, Tanzania na Sudani ya Kusini.

Umbo la kituo chao lafaa kufahamika. Hawakufunga vipimo vyote kwa nyaya kwenye sanduku moja. Kila kundi la vipimo lilipewa redio yake ndogo na umeme wake wa jua: moja juu ya mlingoti wa meta 10 kwa upepo na jua, moja kwenye meta 2 kwa joto na unyevu, moja chini kwa mvua na udongo. Hizo husema na kipokezi kilicho karibu, nacho hupeleka habari kwa njia ya simu za mkononi. Mwanzoni walitumia kompyuta ndogo kuwa kipokezi, wakaona inakula umeme mwingi mno, ikawapasa kutafuta njia nyingine. Walifanya umbo la kwanza, la pili na la tatu. Sisi twawasifu zaidi kwa hilo la pili na la tatu kuliko kwa la kwanza.

Wengine walishika njia tofauti. Shirika la TAHMO, wazo la Nick van de Giesen wa Delft na John Selker wa Oregon, limeweka vituo katika shule nyingi za Afrika, pamoja na Kenya na Uganda, likitamani kufikia vituo 20,000, kimoja kila kilometa 30. Chombo wanachotumia hakina kitu kinachozunguka wala kupinduka: upepo hupimwa kwa sauti inayopita hewani, mvua kwa kuhesabu matone. Sababu yake ni wadudu. Aliyewahi kufungua kipimamvua cha kawaida, chenye vikombe viwili vinavyopinduka kama bembea, na kukuta buibui amefunga uzi kati ya vikombe, hatauliza zaidi.

Lakini vyote hivi vyategemea minara ya simu za mkononi. Mahali pasipo na mnara, kama ilivyo katika vijiji vingi kati ya Kasongo na Kabambare, habari inakwama pale ilipozaliwa. Hapo ndipo twarudi kwenye ngoma.

John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika Kongo mwaka 1938 na kukaa Yakusu, karibu na Kisangani, alijifunza ngoma za Walokele mpaka akaweza kuzipiga. Wageni walishangaa kwa nini mpigaji hutumia maneno marefu hivyo. Haiti mwezi mwezi tu, bali hulitaja jina lake pamoja na sifa ndefu. Carrington alieleza: ngoma ina sauti mbili tu, na maneno mengi yana mlio mmoja, likirefushwa kwa sifa zake lajulikana. Tena sikio la mbali, likikosa mapigo mawili matatu kwa ajili ya upepo, litatambua mengine. Mpigaji hapigi kwa nguvu zaidi, anapiga kwa muda mrefu zaidi.

Hiyo ndiyo siri ya redio inayoitwa LoRa. Ilibuniwa Grenoble, Ufaransa, katika kampuni changa ya Cycleo iliyoanza mwaka 2009 na kununuliwa na Semtech ya Marekani mwaka 2012. Badala ya kupiga cheche moja kali, redio hii hupiga mluzi unaopanda kutoka sauti ya chini kwenda ya juu, kama ndege anavyovuta mlio wake, na kila alama ya ujumbe hukaa ndani ya mluzi mzima. Ikiwekwa katika mwendo wake wa polepole kabisa, mpokeaji aweza kuutambua mluzi huo hata kama makelele ya anga yana nguvu mara 100 kuliko wenyewe. Malipo yake ni uvivu: katika mwendo huo haipeleki hata herufi 40 kwa sekunde. Haifai kwa nyimbo wala kwa picha. Lakini joto, unyevu, mkandamizo wa hewa na mvua vyote vyaingia katika herufi 12 hivi, na mvua haina haraka kiasi hicho.

Nguvu yake ni ya kawaida milliwati 25, yaani sehemu moja katika 6,000 ya nguvu ya mashine ile ya Labrador. Kwa kuwa chombo hulala karibu muda wote, betri chache ndogo zaweza kukiendesha muda wa miaka, na kipande cha kioo cha jua hukiondolea hata shida hiyo. Mwaka 2017, huko Ulaya, puto lililobeba redio ya namna hii lilisikika mbali ya kilometa 702. Msomaji asidanganyike na hesabu hiyo. Puto liko juu sana na hakuna kinachoziba. Chini mambo ni mengine: mawimbi haya huenda kama macho yaendavyo. Mtu aliye juu ya mlingoti wa meta 30 katika nchi tambarare aona kama kilometa 20, kisha dunia inajipinda. Na msitu mbichi, wenye maji katika kila jani, humeza mawimbi kabla ya hapo. Mashine za Goldschmidt zilitumia mawimbi marefu yaliyofuata ardhi, nazo zililipia umbali huo kwa injini na mafuta. Sisi tutalipia kwa vilima: chombo bondeni, kipokezi juu ya kilima kinachoona bonde, na kipokezi cha pili pale kilima cha kwanza kisipoona.

Kwa nini kujisumbua? Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, siku ya soko la Nyamukubi, mvua kubwa ilinyesha juu ya milima ya Kalehe, ng'ambo ya mashariki yetu. Mito ikashuka na mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi. Waliokufa walihesabiwa zaidi ya 400, na wengi hawakuonekana tena. Mvua ilianguka juu mlimani, na watu walikuwa chini sokoni. Kati ya mahali hapo pawili hapakuwa na mwendo mrefu kwa redio yoyote. Twasema hivi bila kumhukumu mtu, wala hatusemi kwamba kipimamvua kimoja kingewaokoa wote. Maana habari ikifika yataka mtu wa kuipokea, mwenye filimbi au kengele au ngoma, na watu waliokwisha kupatana njia ipi ya kukimbilia. Serikali yetu inayo idara yake ya hali ya hewa, METTELSAT, lakini hata idara tajiri haiwezi kuona kila bonde.

Kwa watu wa Lusangi na jirani zake watakaopenda kujaribu, tuna maneno machache ya kazi. Mahali pa kipimamvua pawe wazi. Kama kuna mwembe, chombo kiwe mbali naye mara mbili ya urefu wake, la sivyo mtapima mwembe. Kipimajoto kisikae juu ya bati wala kando ya ukuta uliopigwa na jua. Mlingoti upewe waya mnene wa kuingia ardhini, kwa sababu tulizozitaja tulipoisema Kampene. Majani yakatwe kila wiki. Na karibu na chombo hicho kipya, mwaka wa kwanza mzima, iwekwe ile chupa ya zamani ya kukingia mvua, pamoja na daftari na mtu wa kuandika kila asubuhi, ili hesabu hizo mbili zilinganishwe.